Jibu Aliloniletea Katekista

Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniambia waziwazi kwamba Mungu amenitaja. Alikuwa katekista wetu wa Kakuma, na neno aliloniletea lilikuwa moja: kaa. Nilikaa. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mwanamume aliyenipenda alikuwa anangoja nimwambie kama tutaondoka pamoja. Leo nywele zangu za mbele ni nyeupe, nafundisha gredi ya nne katika shule ileile ya wakati ule, na ninajua kwamba siku ile Mungu hakusema kitu. Nitamweleza mtu huyo pamoja na mazuri yake, maana mazuri yake ndiyo yaliyoniponza.

Sote tulimwita Katekista, hata mkewe. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake jeupe la Jumapili alilifua mwenyewe Jumamosi kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na kola. Alitembea na ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho wanaume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Kigoda chenyewe kina mguu mmoja mwembamba. Ukisinzia, kinakuangusha. Yeye alikikalia kusali, na alisema ndiyo sababu hasa: Mungu hataki mtu aje kwake kulala.

Alikaa kando ya ukuta wa kanisa, shuka kichwani, akifuata kivuli. Asubuhi ulimkuta upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki, na akina mama waliotoka kuchota maji walipima saa kwa kumtazama. Hakutamka kitu, wala kunong'ona, wala kutikisa rozari. Watoto waliopita wakipiga kelele walinyamazishwa. "Amekwenda," watu waliambiana, na hakuna aliyeuliza amekwenda wapi.

Mimi nilitoka upande wa Kitale, nikaletwa Kakuma na kazi. Kwetu nilizoea sala za kupaza sauti, kila mtu na machozi yake. Wiki ya kwanza nilimcheka huyu mzee wa kufuata kivuli. Wiki ya nne nilikwenda kumuuliza anafanya nini pale.

"Nakaa na Yeye," akasema.

"Mnaongea nini?"

"Wewe Mwalimu, ukikaa na mama yako nyumbani, kila saa mnaongea? Kwanza maliza maneno. Maneno ikiisha, sasa unaanza kuomba."

Sijawahi kufundishwa jambo kubwa zaidi ya hilo. Naliandika kwa uchungu, lakini naliandika.

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo kwa mtu aliyehubiri kunyamaza. Alisema Mungu hapendi kwa sababu. Sababu ni mambo ya watu. Alisema ukimpenda Mungu kwa ajili ya mvua, mwaka wa ukame utamtukana. Mwaka mmoja mifugo ilikufa mpaka barabara ya Lokichoggio ikanuka, na mzee mmoja akamwendea akimuuliza kwa hasira huo upendo anaouhubiri uko wapi. Katekista hakumpa somo. Aliketi naye siku nzima karibu na ng'ombe wake wa mwisho, jike lisiloweza kusimama, na jioni alimsaidia kumchinja. Mzee yule alibatizwa Pasaka iliyofuata, akisema hakumwelewa Mungu bado ila amemwelewa Katekista.

Msidhani alikuwa malaika. Kwaresima nzima alifunga nyama na chai, lakini tumbaku ya kutafuna hakuiacha. Nilipomkumbusha alitema pembeni akasema, "Hiyo Mungu alinisamehea mapema." Aligombana na kwaya kuhusu spika mpaka karibu washikane mashati. "Mungu ni kiziwi? Ama nyinyi ndio mnataka msikike mpaka kambi ya wakimbizi?" Na mkewe, mama mmoja mwenye ulimi wa wembe, aliniambia siku moja tukichambua maharagwe: "Huyu anapenda Mungu kwa sababu Mungu hajawahi kumtuma maji." Nilicheka hadi nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

Kulikuwa na jambo la matumbo pia. Kwenye karamu, mbuzi akipasuliwa, wazee wa Kiturkana husoma matumbo yake: huku kuna vita, huku kuna mvua, huku kuna maradhi. Katekista alikataza Wakristo kabisa. Basi siku ya harusi moja kule Nakalale nikamkuta ameinama juu ya matumbo, mikono nyuma, ameyakodolea macho kwa karibu sana.

"Katekista!"

Aliruka. "Naangalia kama iko safi ya kupika."

Nilimtania miezi mingi kwa hilo. Kwamba alikuwa ameinama karibu mno, pua yake nusura iguse, hilo sikuliona kuwa neno. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa nayo mawili mazima na sikutazama.

Kilichonifunga kwake hasa ni Jumamosi. Padri alikuja mara moja kwa mwezi, pengine miwili. Jumapili nyingine zote Katekista ndiye aliyeongoza ibada na kusoma masomo. Mwezi wangu wa pili aliniomba niwe ninakwenda kwake Jumamosi saa tisa tuyaandae. Nilisoma kwa sauti, yeye akisikiliza amefumba macho. "Pole pole. Rudia hapo. Tusikule haraka, tuonje." Nilirudia mstari mara tano, mara nane. Alinyamaza, nami nikanyamaza. Kisha alinirudishia mstari uleule kutoka kichwani, neno kwa neno, kama mtu anayelitia tonge mdomoni kwanza kuona lina chumvi kiasi gani.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kupenda Neno, kwa kulirudia katika boma lenye vumbi huku mbuzi wakinivuta gauni. Niliwaandikia wadogo zangu nyumbani kwamba nimempata mwalimu wa sala ambaye hata mjini hayupo. Niliona fahari. Wanawake wa jumuiya walisema Mwalimu sasa ameanza kufanana na Katekista, na nililala na sifa hiyo.

Jumapili alisimama na kitabu kikubwa mikononi, akafungua, akasoma bila kukwama, na alipofika mwisho wa ukurasa alifunua. Mara moja tu mambo yalikwenda kombo. Padri alifika bila taarifa, akabadili masomo kwa ajili ya sikukuu fulani, akamkabidhi kitabu kikiwa kimefunguliwa mahali pengine. Katekista akatulia, kisha akasoma somo letu la Jumamosi, mwanzo hadi mwisho, kwa utulivu ule ule. Padri aliguna. Lakini wale wazee wa mbele walitazamana, na ibada ilipokwisha habari ilikuwa imeenea: Roho amemkatalia Katekista kusoma lile, amempa jingine. Nilikuwepo. Nilikuwa mmoja wa walioeneza.

Huku Turkana mtu anayejitenga kando na kurudi amenyamaza haachwi hivihivi. Kuna wazee wanaotupa viatu, jozi ya makubazi ya ngozi au ya tairi, na kusoma jinsi vilivyoanguka: safari ni njema, safari ni mbaya, mgonjwa atapona. Na kuna emuron, mwotaji, anayelala na kuamka na habari. Watu waliobatizwa hawakuacha kuhitaji habari. Walimwona Katekista akienda na kurudi kandoni mwa ukuta ule, wakangoja aseme ameambiwa nini.

Mwanzoni aliwafukuza. "Mungu si kiatu!" alifoka. "Humtupi uone ameangukia wapi. Unampenda, basi." Lakini watu walikuja tena, na habari za mbuzi waliopotea, za wasichana wenye wachumba wawili, za wana waliokwenda ziwani, Ferguson's Gulf, kuvua samaki wasirudi. Mama mmoja wa mwana kama huyo alikaa mlangoni kwake siku mbili bila kula. Siku ya pili Katekista akatoka, akamwambia, "Yuko hai." Akaokota kigoda chake akaenda zake. Kijana akarudi baada ya wiki mbili na gunia la samaki wakavu, na tangu hapo hakuna aliyemwamini Katekista tena aliposema hapewi majibu. Walidhani ni unyenyekevu. Nilimuuliza mwenyewe alijuaje. Akanitazama, au nilidhani ananitazama, akasema, "Yule mama alikuwa atakufa, Mwalimu." Nikaliona hilo kuwa jibu la mtakatifu.

Sasa nije kwangu.

Alikuwa Mkongomani, mwalimu wa hesabu katika shule ya kambini. Tulikutana kwenye kusahihisha mitihani, akanisahihisha mimi. Alikuwa mpole, mwenye kicheko cha ghafla, na alipiga pasi suruali yake kila siku katika kambi ambayo upepo ukivuma huoni mkono wako. Miaka miwili tulitembea pamoja kando ya laga, ule mto mkavu wa Tarach, tukizungumza habari za darasani na za Mungu. Kisha jina lake likatokea kwenye orodha ya wakimbizi wa kuhamishiwa ng'ambo. Akataka tufunge ndoa kabla hajasafiri, kisha karatasi zangu zimfuate.

Nilimpenda. Lakini nilipenda pia kile nilichokuwa nacho Jumamosi saa tisa, na niliogopa kwamba nikikiacha kwa ajili ya mwanamume nitakuwa nimemwacha Mungu mwenyewe. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miye sikatali Mungu yako," akasema. "Muulize. Lakini umuulize weye mwenyewe, usitume mutu."

Nilituma mtu. Nilikwenda kwa Katekista, nikamwambia kila kitu, nikamsihi aniulizie. Mimi, niliyecheka viatu vya wazee, mwenye cheti cha ualimu.

"Huyo kijana, anakupeleka mbali?"

"Mbali sana. Sitarudi, labda kutembea."

"Nipe siku tatu."

Siku tatu nilimwona kando ya ukuta, shuka kichwani, akihama na kivuli. Nilipita makusudi. Siku ya tatu alasiri akaniita, akasimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akasema, "Amesema kaa."

"Amesema hivyo?"

"Kaa."

Nilimwambia Mkongomani siku iliyofuata. Hakugombana nami. Aliuliza, "Ni weye ulisikia?" Nikamjibu ni sawa na kusikia mwenyewe. Akatikisa kichwa pole pole, akanishika mkono kama mgeni anayeaga, na baada ya mwezi mmoja aliondoka. Siku ile ndege yake iliporuka nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu. Kelele ya ndege zile mji mzima unaisikia. Niliendelea kuandika ubaoni.

Aliandika kwa mwaka mmoja, kisha akaoa. Mamangu alilia kwenye simu, akauliza huyo Mungu wa Kakuma ni Mungu gani anayewanyima watu wajukuu. Nilimjibu kwa upole wa kuudhi, ule upole wa mtu aliyechaguliwa. Nilikuwa na neno langu. Kila nilipolala peke yangu, kila homa iliponikamata bila wa kunipa maji, nilijikumbusha: alinitaja, akataka nikae. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi hata sikuona kwamba yamemwagika, nilidhani nimemmiminia Mungu. Nilijenga juu ya neno hilo miaka kumi na minne.

Macho ya Katekista yalijulikana mwaka juzi. Mficha maradhi kifo humfichua, wasemavyo, lakini yeye alifichuliwa na kope. Zilikuwa zimegeukia ndani zikikwaruza mboni, ule ugonjwa wa trakoma unaowapofusha wazee wengi huku, na maumivu yakamshinda. Alikuwa amehamia Lodwar kwa binti yake, mtaa wa Kanamkemer, na wataalamu wa macho walikuja mjini kupasua watu. Nilikuwa Lodwar kwa semina, nikampeleka mimi, kwa furaha, nikimshika kiwiko. Dada aliyekuwa akiandika majina akamwinua kidevu, akamulika tochi.

"Mzee, hapa kuna kovu la zamani sana. Herufi unaona?"

"Herufi hapana. Watu naona, kama kivuli."

"Tangu lini huwezi kusoma?"

Katekista akafikiri. Hakukumbuka kwamba nimesimama nyuma yake, au labda alichoka kukumbuka. "Tangu kanisa yetu iwekwe mabati," akasema.

Mabati yale niliyakuta. Nilipofika Kakuma yalikuwa tayari na kutu.

Kwanza nilijikuta nikicheka, ndani, nikimwona ameinama juu ya matumbo ya mbuzi. Kisha kicheko kikakatika. Tuonje. Rudia hapo. Pole pole. Alikuwa anakariri. Katekista asiyeweza kusoma angeondolewa, akawekwa mwingine, naye hakuwa na kitu kingine duniani cha kuitwa. Aliyahitaji macho ya mtu, nami nilikuwa nayo. Nikasimama pale kwenye foleni ya wagonjwa na swali likanijia lenyewe: siku zile tatu, alimuuliza nani?

Nilimrudisha kwa binti yake baada ya kushonwa, nikaondoka. Sikumpigia simu miezi saba. Jumamosi saa tisa, ambayo hata alipohama niliendelea kuisomea Neno peke yangu, sasa nilifua nguo. Nilikaa kanisani kama mtu aliyekaa benki akingoja kuitwa, na watu waliponiuliza hali nikasema ejok, njema, maana salamu haidai ukweli. Nilihisi nimeibiwa, na mwizi wangu alikuwa ndiye aliyenifundisha kusamehe.

Kisha mkewe akapiga. "Hali ugali tena. Anakuulizia wewe. Kuja, hata kama ni kumtukana."

Nilikwenda hasa kumtukana. Nilishuka kwenye pikipiki Kanamkemer karibu adhuhuri, nikamkuta amelazwa kwenye mkeka ndani ya nyumba ya mabati yenye joto la tanuri, mifupa mitupu, macho yamefunikwa kitambaa chenye maji. Mkewe aliniwekea chai ya rangi, akatoka nje na kutuachia nyumba.

"Ni Mwalimu," nikasema.

"Najua hatua yako."

Sikuzunguka. "Katekista, ile siku. Alisema?"

Alikaa kimya, na nilikijua kimya chake, nilikisomea miaka. Safari hii sikukiheshimu. "Nakuuliza. Alisema?"

"Hapana."

"Ulimuuliza?"

"Niliuliza. Siku tatu yote niliuliza. Hakuna kitu. Sasa mimi nikafikiri: huyu akienda, nani atasoma? Watanitoa. Nikasema kaa." Akakirekebisha kitambaa machoni. "Ni mimi nilisema. Si Yeye."

Nilikuwa nimeyatayarisha matusi yangu njia nzima, na yote yakanikauka mdomoni. Niliweza kusema tu, "Nilikuwa na mtu wangu."

"Najua."

"Ningekuwa na watoto."

"Najua, Mwalimu. Kila Jumamosi nilikuwa najua." Kisha akaongeza jambo ambalo sikumuuliza. "Na si siku hiyo peke yake. Mimi sijawahi kusikia kitu. Tangu nianze kukaa hapo kwa ukuta. Hata mara moja."

Nikamwambia anadanganya tena. Mtu gani hufuata kivuli maisha yake yote bila kupata kitu?

"Nilikuwa naona kwa nyinyi," akasema. "Mkitoka kuomba, sauti yenu inabadilika. Inakuwa laini. Nikasema, hii kitu iko. Ni kama kusikia harufu ya nyama kwa jirani. Unajua wanakula. Wewe tu ndio hujaitwa. Nikaendelea kungoja."

Nilikaa pale na chai yangu ikipoa. Nilimhurumia na kumchukia kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi. Ndipo akanyoosha mkono, akapapasa mkeka mpaka akaupata ukingo wa leso yangu, akaushika.

"Na wewe? Wewe ulisikia? Hata siku moja? Uniambie tu hiyo, nitalala."

Nilisikia. Sijamwambia mtu. Ilikuwa mwaka wa tatu baada ya Mkongomani kuondoka, tukirudi kutoka jumuiya ya Nakalale, na lori likaharibika njiani. Wenzangu walikuwa chini ya gari wakimgombeza dereva. Mimi nilitembea hatua chache kando, nikasimama kwenye changarawe bila kuwaza lolote la maana, na ghafla nikajua kwamba ninapendwa. Sikusikia sauti. Nilipendwa tu, mzima mzima, na kichwa kinachouma na gauni lenye vumbi, na kila jiwe lililonizunguka lilipendwa pia, na nikakaa chini papo hapo. Ilichukua muda wa kumaliza kikombe cha maji. Haijarudi, na haijaondoka. Hata miezi ile saba ya hasira sikuweza kuikana. Yeye ndiye aliyenifikisha pale, huyu mwongo, na nilikuwa nayo mdomoni, zawadi ambayo mtu huyu aliingoja kuliko kuona.

"Hapana, Katekista," nikasema. "Hata mimi. Hata mara moja."

Nilitaka aumie. Nasema ukweli, nilitaka ajue ni nini kujengewa nyumba juu ya neno la mtu.

Mkono wake haukuiachia leso. Uso ule uliokauka ukakunjamana, nikadhani anajililia mwenyewe, lakini alipopata sauti alikuwa ananililia mimi.

"Pole, mtoto wangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Mimi ni sawa anyamaze, mimi najijua. Lakini wewe? Wewe ulikaa kwa ajili yake. Hiyo si haki." Akavuta pumzi, akavuta tena. "Sikia. Nikifika, sitauliza yangu kwanza. Nitauliza yako. Nitamwambia, kwa nini ulimnyamazia huyu? Nitamgombeza, Mwalimu. Sitakaa chini mpaka anijibu."

Ilikuwa nafasi yangu ya kumwambia ukweli. Mkewe alikuwa nje akichanja kuni, mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyenikimbiza. Nilisema asante, nikaichomoa leso yangu mkononi mwake, nikatoka kutafuta pikipiki.

Alikufa siku ya nne, nami nilikuwa Kakuma na sijarudi kumwambia. Kama alifika, basi alisimama pale na kumfokea Mungu kwa ajili yangu, na Mungu, aliyejua, akamwacha amalize.